Seva Iligoma, Nikaenda Kumlilia Mtu Aliye Hai

Hii nawaambia nyinyi tu, na mkicheka mcheke polepole, kwa sababu mpaka leo nikipita Kanduyi najifunika leso kama mtu aliyeiba kuku (watu wa pale hata hawanijui, lakini aibu haijali hayo).

Mnajua mimi ndiye wa kompyuta katika kampuni moja ya mbegu hapa Kitale, na mnajua tuna seva moja nzee ya Unix, nzito kama gunia la mahindi mabichi, ambayo ndiyo huchapisha lebo za mifuko, na bila lebo mfuko hautoki ghalani. Aliyeilea mashine hiyo miaka yote ni Mzee Nyongesa, ambaye alistaafu akarudi kwake Bungoma, na kabla ya kuondoka alinisihi tukae chini anionyeshe mambo yake, nami nikamwambia asijali, hii tunaizima karibuni. (Hatukuizima.)

Basi mvua ya kupanda ikaanza, lori zikapanga foleni mpaka barabarani, na asubuhi hiyohiyo diski ya seva ikajaa, lebo zikakwama. Dawa yake ilikuwa ndogo tu, kufuta mafaili ya zamani, lakini kufuta kunataka paswadi ya root, yaani ya mkuu wa mashine, na hiyo ilikuwa kichwani mwa Mzee peke yake. Nikajaribu njia ya pembeni, nikaizima na kuiwasha kwa ile hali ya matengenezo, nayo ikaniuliza paswadi ileile. Nikampigia Mzee, simu imezimwa. Meneja akaniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba wakulima wakikosa mbegu wiki hii watanunua kwingine, na mimi pia nitatafuta kazi kwingine. Nikabeba laptopu yangu, nikashika njia ya Bungoma.

Pale Kanduyi nikamwuliza mtu wa boda kama anajua kwa Mzee Nyongesa, yule aliyekuwa Kitale. Akasema twende madam, huko kuna watu wengi leo. Sikumwuliza watu wa nini. Tulipofika getini nikaona hema mbili, viti vya plastiki, sufuria kubwa kwenye moto, na wazee wenye makoti wakiongea kwa sauti ya chini, nikakumbuka na simu yake imezimwa, nikajumlisha mwenyewe. Na hapo, kabla ya kuuliza hata mtoto, nikatoa simu nikaandika kwenye grupu ya ofisi: "Poleni wenzangu. Mzee wetu Nyongesa ametuacha. Niko kwake." Pole zikaanza kumiminika kabla sijairudisha simu mfukoni.

Sasa mniwie radhi, mimi ni wa Kachibora, na kwetu mtu akifiwa tunanyamaza. Kuna wakati nilienda mazishi Kimilili, upande huuhuu wa Bungoma, nikaingia macho makavu, nikisalimia watu mmoja mmoja kwa mkono, na akina mama wakanisema mchana kutwa, ati huyo amekuja kukagua maiti. Nikaapa kwamba nikienda tena kwa matanga upande huo nitalia mpaka wanishike. Kwa hivyo nikaweka mikono kichwani, nikaingia na kilio cha kutoka tumboni.

"Uuuwi, Mzee! Umeenda na kila kitu, Mzee! Sasa tutaingia aje?"

Hema zote mbili zikageuka kunitazama. Nilipoona hakuna mtu anayenishika wala kulia nami nikaongeza sauti, nikapiga magoti kwenye nyasi, mpaka mama mmoja mrefu wa kitenge akaja kusimama mbele yangu, ambaye baadaye nilijua ni dada ya Mzee, yule ambaye watoto wa boma humwita senge, yaani shangazi.

"Wewe ni wa nani," akauliza, "na unalilia nani kwetu siku ya mahari?"

Mahari, jamani. Watu wa upande wa kijana walikuwa wamekuja kumposa binti ya Mzee, wamevutana juu ya ng'ombe tangu asubuhi, ndiyo maana hata simu zilizimwa, na sasa mzee wao mmoja alikuwa ameshika fimbo yake anaaga, akisema boma linaloliliwa hawezi kutoa msichana hapo. Ndipo Mzee Nyongesa akatoka ndani kuona kelele ni za nini, na paja la kuku mkononi.

"Chebet? Nani amekufa?"

"Ni wewe, Mzee."

Aliniangalia, akajiangalia, akaanza kucheka mpaka akashikilia nguzo ya hema, na mimi nikalia upya, haya sasa machozi ya kweli, nikifurahi vile ambavyo sijawahi kufurahi, na yule wa fimbo akaketi tena. Senge peke yake hakucheka. Alisema kilio kimeshaingia bomani lazima kitolewe, nikarudishwa mpaka getini na kuingia tena kwa vigelegele na kucheza, laptopu mgongoni, mbele ya wakwe (na mnajua vile mimi hucheza).

Nilipomweleza Mzee shida yangu akakuna kichwa, akasema paswadi ile haijui kwa mdomo, vidole ndivyo vinaijua. Akapangusa mafuta ya kuku, nikamfungulia ukurasa mtupu kwenye laptopu, juu ya meza ya wageni, akageuza macho kwa migomba na kuachilia vidole, na kwenye kioo ikatokea safu ya herufi na namba ambayo hata yeye aliishangaa. Nikampigia meneja. Akapokea kwa sauti ya kanisani, akasema amewakusanya wafanyakazi ghalani kwa maombi, nami ule ujumbe wa grupu nilikuwa nimeusahau kabisa kwa vile nilivyocheza. Nikamwambia akakae mbele ya seva kwanza, nikaweka simu kwa sauti kubwa, na kabla sijafungua mdomo Mzee akainama.

"Meneja, andika polepole. Ya kwanza ni herufi kubwa."

Tukasikia kiti kikianguka, na mtu akimwita Yesu. Baada ya muda sauti ya meneja ikarudi, ikauliza, "Mzee, uko wapi?"

"Niko kwangu nakula kuku. Andika."

Akaandika, ikakubali. Mzee akamwongoza kufuta, na kwa simu tukasikia mashine ya lebo ikianza kukwaruza, wakwe wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini, na mimi nikaomba kuku. Kabla ya jioni lori zilikuwa zimeanza kutoka, na hata juu ya ng'ombe walikubaliana.

Mzee alinisindikiza mpaka barabarani.

"Niambie ukweli, mwanangu. Ulikuwa unanililia mimi ama mashine?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nikamwambia mwanzo ilikuwa mashine, lakini alipotoka mlangoni akiwa hai ndipo nilipomlilia yeye. Akasema basi, ni sawa, akanishika mkono mpaka boda ikaja.

Siku hizi paswadi tunaijua watu wawili, na Mzee nampigia hata seva ikiwa nzima. Kuhusu kulia, nimeapa. Hata nikute jeneza limefunguliwa, nitauliza kwanza kama mwenyewe yuko ndani.