Maharage Ndani ya Shali

Dobi yule mtaa mzima ulimwita Zima, kwa kuwa neno hilo halikumtoka mdomoni. Dukani alichomoa pasi kabla ya shati la mwisho, akalinyoosha kwa joto lililobaki, na leso mbili juu yake. Nyumbani mkewe hakufungua friji mpaka ataje anachofuata humo. Aliyetoka chumbani bila kuzima taa alirudishwa kama mwanafunzi mtoro.

Mama mkwe alizipata habari hizi zikiwa zimetiwa chumvi. Binti yake alipojifungua, akatuma salamu kwamba anakuja kujionea mwenyewe. Akikuta mzazi anakaa gizani na kulishwa vyakula vya baridi, atamchukua yeye na mtoto mpaka mtoto aote meno. Zima roho ikamruka. Mwanawe alikuwa na siku kumi na mbili tu, naye hajashiba kumtazama.

Siku ya ugeni alichemsha maharage dakika ishirini, akazima jiko, akatia sufuria kikapuni yamalizie kuiva kwa joto lake yenyewe, kama kawaida yake. Blanketi kuukuu la kuiviringishia lilikuwa kambani, limelowa chepechepe. Akapapasa kabatini, akapata shali nene ya manjano, akaiviringisha sufuria gubigubi na kukiweka kikapu kwenye kochi. Hakukumbuka kuwa shali ile mama mkwe aliifuma kwa mkono wake, kwa ajili ya mjukuu.

Mama mkwe aliingia saa saba kasoro, akaiona shali yake.

"Shikamoo, mama," akasema Zima.

"Marahaba, marahaba. Jamani, mjukuu wangu!" Akakipakata kikapu. "Mbona mzito hivi?" Akapitisha kiganja juu ya shali, macho yakamtoka pima. "Mungu wangu! Mtoto anaungua, na wewe umesimama tu?"

"Mama, hayo ni..."

"Usiniambie kitu! Lete maji!"

Akafunua shali, akakutana ana kwa ana na mfuniko wa sufuria. Mkewe Zima akatokea chumbani na mtoto mkononi, akaona mambo, akaegemea mlango akicheka mpaka machozi. Zima hakucheka. Alijua kwake kumekwisha. "Ni maharage, mama, yanamalizia kuiva humo," akasema.

"Jiko umelizima saa ngapi?" mama mkwe akauliza polepole.

"Saa moja na nusu asubuhi, mama."

Akatazama saa ya ukutani. Akafunua mfuniko, akachota kijiko, akapuliza, akala. Akachota kingine.

"Yameiva," akasema, kama mtu aliyeshindwa kesi. "Na mimi miaka yote najibanika jikoni kutwa nzima."

Alikaa siku nne. Ya tano, Zima alimsindikiza barabarani asithubutu kuuliza lolote. Mama mkwe akapanda gari peke yake, kapakata kikapu na lile blanketi kuukuu.

"Shali mwachieni mwenyewe," akasema.

Zima alirudi nyumbani mbio. Mtoto alikuwa amelala ndani ya shali, mama yake amesinzia kando, na taa ya chumbani inawaka bure. Akanyoosha mkono kwenye swichi, akaurudisha. Akamtazama mwanawe kwanza.