Ubeti wa Upande wa Pili

Dada yangu alitunga nyimbo zake zote uwanjani, akipura ulezi kule Mwazye. Sisemi hivyo kwa kusikia. Nilikuwepo kila likizo ya shule, nikiziandika katika daftari. Alikufa akiwa hajulikani nje ya kijiji chetu. Mwaka huu mwalimu mmoja wa muziki, binti aliyehamia Sumbawanga kutoka Mbeya, aliliomba daftari hilo, akawafundisha wanakwaya, na Jumapili moja mchana akaandaa onyesho katika ukumbi wa parokia.

Niliketishwa mbele. Wanawake walijipanga safu mbili zikitazamana, fimbo mikononi, kama wapuraji. Safu moja iliimba ubeti, ya pili ikajibu, fimbo zikagonga sakafu. Nilidhani ningepatwa na huzuni, au fahari. Sikupatwa na chochote. Nilitazama viatu vyangu.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu alipaza sauti: "Ninyi! Mbona mmeshusha fimbo? Upande wa pili haujajibu!"

"Bibi, daftari limeishia hapo," mwalimu akasema.

"Daftari lilipura ulezi lini? Kwetu upande mmoja hausemi peke yake. Ni kama kumwacha mgeni mlangoni!"

Watu walicheka. Mwalimu akanigeukia. "Babu, ni kweli wimbo uliishia hapo?"

Haukuishia hapo. Ubeti wa mwisho ulieleza jinsi baba alivyomtoa dada shuleni ili mimi nibaki. Siku alipouimba nilimuuliza, "Nani amekuambia? Baba hakutamka hayo mbele yangu. Mimi siandiki uvumi."

Alicheka. "Haya, karani wa baba. Andika unayoyajua." Akaendelea kupura.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaamini nimetenda haki. Sikujiuliza ni shahidi gani angemzidi yeye aliyetolewa.

Ningeweza kumwambia mwalimu kwamba ndivyo, uliishia hapo. Hakuna aliye hai ambaye angenipinga. Nilisimama, nikausema ubeti ule kwa Kifipa, kisha kwa Kiswahili, bila kuuimba:

"Tuliingia wawili mlango wa shule. Baba akanishika mkono, nikarudi na jembe. Mdogo wangu, soma na sehemu yangu."

"Huyo mdogo wake ni nani?" bibi akauliza.

"Ni mimi."

Safari hii hakucheka mtu. Sikuona aibu, wala sikuona nafuu; niliisikia sauti yangu kama inayosoma tangazo. Mwalimu alikuwa akiandika nyuma ya karatasi ya ratiba.

"Rudia, babu, polepole."

Nilirudia. Kisha nikamwomba ile karatasi, nikaisoma mstari kwa mstari. Hakuwa amekosea popote. Nikamrudishia, naye akaipeleka kwa safu ya pili, wakainua fimbo.