Mume Wangu Alisema Gunia Ni la "Huyu Mama"

Alhamisi. Asubuhi mawingu mazito na joto, mvua haikunyesha.

Admin, tafadhali ficha jina langu. Mimi ni Mganda, mama wa miaka thelathini na nne, nimesoma hadi kidato cha nne. Kila siku huandika yaliyonipata, ila haya nimeshindwa kubaki nayo peke yangu. Naishi mtaa wa Sherikat, hapa Juba, na mume wangu na watoto wetu wawili. Nauza mukene, wale dagaa wakavu, pale soko la Custom. Mume wangu alikuwa anaendesha boda. Nilimtoa huko, nikamfundisha biashara yangu, tukawa tunaleta mzigo pamoja kutoka Uganda.

Safari ya mwisho, magunia yalipojaa, aliniambia, "Mama watoto, leo pumzika. Nitayashona mimi." Nilimsifu mbele ya wanawake wenzangu mpaka mmoja akacheka, "Huyo wako umemlisha nini?"

Kwenye kizuizi, karibu tuingie Juba, askari walichoma gunia moja kwa chuma, wakagusa kitu kigumu. Walipolifungua wakakuta paketi za tramadol, vile vidonge ambavyo vijana wa magenge humeza kabla ya kuvamia nyumba za watu na mapanga. Askari akauliza kwa Kiarabu cha Juba, "De ta munu?" La nani hili? Mume wangu alikuwa amesimama bega kwa bega nami. Akasema, "Iko ya huyu mama. Mimi nilimsaidia kubeba tu."

Huyu mama! Nilimwita kwa jina lake. Akaangalia matairi ya lori.

Nilikaa mahabusu mpaka mchungaji wetu akanidhamini. Pasipoti yangu imebaki kwao. Nilipofika nyumbani mume wangu alipiga magoti, nikadhani anaomba msamaha.

"Kubali tu ni yako," akasema. "Wewe ni mama, watakuona mfanyabiashara mjinga, kesi itabaki polisi. Mimi mwanaume watasema nalisha magenge. Faili itaenda kwa watu wa usalama wa taifa. Huko mtu anaingia, hatoki."

"Kwani ulikuwa unampelekea nani?"

"Hiyo usiniulize."

Dada yake naye akapiga simu: "Wifi, utafungwa kidogo tu. Tutakuletea posho na maharage." Nilicheka, halafu nikalia.

Kinachonitesa ni kwamba kuhusu watu wa usalama hadanganyi. Kuna jirani alichukuliwa kwa jambo kama hili, na mkewe bado anazunguka maofisini na picha yake. Sitaki wanangu wakue wakiuliza baba yuko wapi. Lakini yule mama aliyekatwa mkono nyumba yake ilipovamiwa, hapa hapa Sherikat, alikuwa mteja wangu. Nikisema vidonge ni vyangu, nitakuwa nimekubali kwamba mkono ule niliukata mimi.

Jumatatu naandikisha maelezo. Leo mume wangu amenipigia pasi gauni la kwenda nalo, bila mimi kumwomba.

Ndugu zangu, nisaidieni mawazo. Nimtaje baba wa watoto wangu, au nibebe mimi? Mkinitukana nitasoma pia, lakini mniambie la kufanya.

Nalala sasa, saa nane na robo usiku. Yeye amelala tangu saa tatu.