Bismillahi ya Kusugua

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na ulimi mrefu kuliko ujuzi wangu. Nilikuwa mchoraji katika ofisi ya msanifu majengo, ghorofa ya pili juu ya maduka ya leso, Biashara Street. Mwanamke pekee kwenye zile meza za kuchorea nilikuwa mimi, na nilitaka kila mtu ajue kwamba kazi yangu haina doa. Hilo ndilo lililoniponza.

Tulikuwa tukitengeneza mifano ya majengo, nyumba nzima ya kadibodi na mbao nyembamba inayokaa juu ya meza. Maandishi yake tuliyatia kwa herufi za kusugua. Zilikuja zimegandishwa nyuma ya karatasi laini inayopitisha mwanga. Unaiweka herufi mahali pake, unaisugua kwa ncha butu, unainua karatasi taratibu, na herufi inabaki imenyooka kama ya kiwandani. Ukikosea, unaibandua kwa selotepu, unaifinyanga, unatupa. Kutwa kapu langu la taka lilijaa vidonge vya selotepu vyenye herufi zilizokwenda upande, na mkono ulishazoea kutupa bila kuuliza.

Ikaja kazi ya mtaani kwetu. Wazee wa Mji wa Kale walitaka kukijenga upya chuo cha Kurani ambamo baba yangu alisomesha miaka yote. Mfano wake ungeonyeshwa baada ya sala ya Ijumaa, watu wauone kabla ya kuchangia. Juu ya mlango wa chuo palikuwa na ubao wa Bismillahi. Kwenye mfano, ubao huo ulitoka ukubwa wa njiti ya kibiriti. Wazee wakasema hapana, hapo lazima aandike maalim mwenyewe, kwani baba ndiye aliyekuwa mtu wa khati mtaa mzima, kuanzia mbao za milango hadi makombe ya wagonjwa, zile aya za sahanini zinazooshwa wakanywa.

Baba alifurahi kupita kiasi. Siku nne mfululizo, baada ya Alasiri, alikaa barazani akichonga kalamu ya mwanzi kwa wembe na kujaribu. Wakati huo alikuwa ameshaanza kushika kikombe kwa mikono miwili. Sote nyumbani tulikuwa tukiona na hakuna aliyesema.

Siku ya tano aliniletea kipande cha karatasi ndani ya leso ya mkononi.

"Haya mama, ndoo utizame. Nimeiandika kwa wembamba wa unywele."

Nikatazama. Mstari ulizama mwishoni, na meno ya herufi sini yalitetemeka yote matatu. "Mashaallah, Baba," nikasema, na moyoni nilimwonea haya. Ninaliandika hilo hapa kwa sababu sijawahi kulitamka mbele ya mtu.

Niliibandika. Alhamisi mfano ulikuwa tayari, kila pembe imekaa sawa, na mimi sikuona kitu chochote ila kile kipande. Katika droo ya mkubwa wangu kulikuwa na karatasi ya kusugua kutoka Dubai yenye Bismillahi zilizokwisha kuandikwa, kubwa mpaka ndogo. Ile ndogo kabisa ilitosha pale juu ya mlango utadhani ilipimwa. Wenzangu walipokwenda kula mchana, nikachukua wembe nikang'oa maandishi ya baba. Bismillahi ya kwanza ilivunjika katikati. Nikaibandua kwa selotepu, nikafinyanga, nikatupa. Ya pili ilikaa vizuri. Nikafagia meza kwa kiganja, na kipande cha baba kikaingia kapuni pamoja na takataka nyingine.

Nyumbani kwetu, nyuma ya mlango, palitundikwa mfuko wa kitambaa cha marekani. Karatasi yoyote yenye jina la Mwenyezi Mungu iliingia humo, ukurasa uliochanika, kadi ya harusi, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa bajia. Ukijaa, baba aliufunga kamba na kwenda kuuzika pembeni mwa makaburi. Mimi niliyajua hayo kabla sijajua kufunga viatu. Niliwahi kupigwa kofi kwa kulikanyaga gazeti. Na siku ile sikukumbuka kabisa.

Ijumaa mfano uliwekwa mezani kwenye ukumbi wa chuo, nami nimesimama kando yake kwa niaba ya ofisi. Baba alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na miwani yake mfukoni.

"Maalim," mzee mmoja akapaza sauti, "mkono wako haujazeeka bado!"

Niliomba akubali. Niliomba anyamaze tu, sifa zimwangukie, yaishe. Alivaa miwani, akainama mpaka kofia ikakaribia kugusa paa la kadibodi, akatazama kwa muda mrefu, kisha akavua miwani.

"Si mkono wangu huu," akasema. "Ni wa mwanangu. Mkono wake watulia."

Watu wakanigeukia kwa mashaallah. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulirudi pamoja kwa kichochoro chetu. Nilingoja anigombeze, na nilikuwa na majibu tayari. Mlangoni akasimama.

"Ile yangu umeitia wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ulimi wangu ule mrefu ukanitangulia. "Kwenye mfuko, Baba."

"Ahsante, mama. Nalikhofu."

Jumamosi asubuhi nilifika ofisini kabla ya mlango kufunguliwa. Kapu lilikuwa limeshamwagwa, na mfagizi akaniambia gari la taka lilipita jana. Nikaenda Kibarani, kwenye jaa la taka la mji, na buibui langu na viatu vya ofisini, nikasimama pembeni mwa lile jaa, moshi ukinichoma macho. Mwokotaji mmoja akanijia na kulabu yake.

"Mama, umepoteza nini?"

"Karatasi."

Akageuka akalitazama jaa lote, kisha akanitazama mimi. Hakucheka. Alikwenda akachokoa chokoa hapa na pale kwa heshima ya kunipoza tu, nami nikamshukuru na kuondoka.

Miezi ikapita, mfuko wa nyumbani ukajaa. Siku hiyo baba alitandika mkeka akaumwaga, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akashika karatasi moja moja, akiigeuza mbele na nyuma, vidole vikitetemeka. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la chai. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo asubuhi nzima.

Alipofika ya mwisho alizirudisha zote mfukoni, akazisukuma kwa ngumi ndipo zikaingia.

"Waenda kuuzika, Baba?"

"Bado haujajaa," akasema.

Akautundika pale pale nyuma ya mlango, mdomo wazi, karatasi zikichungulia nje. Kesho yake akakata marekani akashona mfuko mwingine.