Nilianza gemu ya askari wa plastiki hapa Kampala, nikakutana na sura yangu kwenye boksi la mtu

Wakuu, habari za mchana.

Hii sijaitunga. Waliokuwepo wapo, na wakiona nimeongeza chumvi wanikosoe.

Mimi ni Mkenya, fundi simu, naishi Kisugu. Kampala ukiwa huna ndugu, Jumapili inakuwa ndefu sana. Ndipo mteja wangu mmoja, Ashraf, akanivuta kwenye hobi yake.

Wanakutana ghorofani, juu ya duka la vitambaa Old Kampala. Wengine wanacheza kadi. Ashraf anacheza vita ya mezani: askari wadogo wa plastiki, urefu wa kidole gumba, unawaunganisha kwa gundi, unawapaka rangi kwa brashi nyembamba, halafu unawasogeza kwa rula na kurusha dadu.

Msicheke. Kuna wazee wazima pale wanagombana kwa sababu ya nusu inchi.

Ili ucheze lazima uwe na jeshi lako. Ashraf akanipeleka kwa jirani yangu ambaye sikuwa namjua, Hajati Mariamu, mama wa Kinubi. Mwanawe Idris ndiye aliyeanzisha kile kikundi. Alienda kufanya kazi ng'ambo, miaka ikapita, na kwa muda mrefu hakuna aliyesikia habari zake. Namba aliyokuwa nayo Ashraf ilikuwa imekufa.

Hajati alinipa boksi zima.

"Idris alisema nisiuze," akaniambia. "Lakini jeshi hapana kaa tu kabatini. Wewe cheza nayo."

Jumapili iliyofuata nikawapanga mezani. Vijana wakaanza kucheka. Idris alikuwa amewapaka askari sura za wanachama! Huyu ana miwani ya fulani, yule kipara cha fulani. Ashraf alikuwepo pia, na pengo lake la jino.

Halafu Ashraf akamwinua mmoja aliyepiga goti, akamsogeza karibu na uso wangu.

"Banange, jamani," akasema taratibu. "Wewe ulikuja Kampala lini?"

Nikamwambia. Idris alikuwa ameshaondoka zamani.

Akanikabidhi yule askari. Wakuu, mimi nina kovu linalokata nyusi ya kushoto, niliumizwa na seng'enge utotoni. Na ndevu zangu zina mvi upande mmoja tu wa kidevu. Vyote vilikuwepo. Nikachukua kioo cha kukuzia nachofanyia kazi, nikitumaini nitaona ni doa tu la rangi.

Halikuwa doa.

Hakuna aliyecheza tena siku ile. Adhana ya alasiri ikaanza pale mlimani, kila mtu akajifanya ana pa kwenda.

Nilitaka kurudisha boksi na kuachana na mambo haya. Kesho yake mchana nikaenda nalo kwa Hajati, nikamwonyesha yule askari. Macho yake hayaoni vizuri, akampapasa uso kwa kidole. Kisha akaupapasa wangu. Sikusogea.

"Wewe nafanya kazi gani?"

"Natengeneza simu, mama."

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na simu iliyofungwa kwenye kitambaa. Ilitumbukia kwenye beseni la maji zamani. Mafundi walimwambia aitupe. Hakuwaachia, aliogopa wangeifuta, maana Idris alimpigia mara ya mwisho kwenye simu ile, tena kwa namba mpya ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Niliibeba hadi kibandani kwangu, naye akaja akaketi kando. Ndani kutu tupu. Nikasafisha, nikabadilisha betri, nikaweka chaji. Ikakataa. Nikasafisha tena. Hajati alikuwa anavuta tasbihi, hanitazami.

Ikawaka.

Laini ilishafungwa, lakini ile namba ilikuwepo. Nikaipiga kwa simu yangu, nikaweka spika.

"Haloo?" Sauti ya mwanaume.

"Idris?" Hajati akaita.

Kisha yule mwanaume akalia. Aliibiwa simu huko, namba pekee aliyoijua kwa kichwa ni ya mama yake, na kila akipiga haipatikani. Mwisho akaamini mama amefariki, na hakuwa na ujasiri wa kumuuliza mtu.

Niliwaacha wakaongea. Baadaye akataka kunishukuru, nami nikashindwa kujizuia.

"Kaka, yule askari aliyepiga goti, ulimpaka sura ya nani?"

"Aliyepiga goti?" Akafikiri. "Huyo sikumpaka. Rangi ziliisha, nikamwacha kijivu hivyo hivyo."

Nikamtazama Hajati. Mikono yake inatetemeka hata akishika kikombe.

"Mwanangu, kunywa chai," akasema. "Itapoa."

Idris sasa anapiga kila Ijumaa. Mimi bado nacheza, tena nacheza vibaya. Yule askari nilimwachia Hajati, yupo kwenye kabati lake la vioo. Nikienda kumsalimu huwa nakaa kiti kinachoelekea mlangoni, ili nisimwone.

Nilichojifunza: ukirithi kitu cha mtu, rudi ukakae na watu wake. Ningelirudisha boksi mlangoni na kukimbia, yule mama angekuwa bado anangoja.

Ashraf anasema Idris amesahau tu. Basi naomba wanaopaka rangi humu waniambie kwa ukweli: mtu anaweza kukaa na uso mmoja mkononi, akauchora hadi kovu, halafu akasahau?