Siku Niliyohojiwa Nikiwa Chini ya Meza

Wenzangu, mnaniona leo na diploma yangu ya biashara niliyoisomea Ulaya, mnaniita Monsieur, mnanipisha mlangoni, nami sikatai kupishwa kwa sababu nimeitolea jasho mwenyewe na hakuna mjomba aliyenisukuma. Lakini kuna Jumapili moja ya Élisabethville ambayo nikiikumbuka, hata nikiwa peke yangu naoga, najifunika uso kwa taulo. Nitaisimulia mara hii tu. Atakayecheka acheke, ila asinitake niirudie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Nilikuwa karani katika duka la vitambaa, ninakaa mtaa wa Albert (ndio huu mnaouita Kamalondo) pamoja na mke wangu Vero, aliyekuwa na mimba yetu ya kwanza. Shule ya juu ya biashara ikatangaza kwamba mwaka ule ingewapokea Waafrika wawili. Wawili, katika Katanga nzima! Tena mtu aliruhusiwa kuomba mara moja tu, akikataliwa, basi. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana shuleni nilizoea kuwa wa kwanza, na padri aliyetufundisha hesabu alikuwa akichoka ananikabidhi chaki nimalizie. Nilitayarisha maombi yale kama mtu anayejenga nyumba: vyeti, ushuhuda wa padri, picha nikiwa nimevaa tai, na insha ndefu juu ya biashara ya samaki wakavu wa Pweto, ambayo nasema bila aibu kwamba hata leo sijasoma iliyo bora zaidi.

Swali la mwisho ndilo lililoniua. Walitaka mwombaji aeleze anavyoishi nyumbani kwake (siku zile mzungu alitaka kujua kama mtu mweusi mwenye elimu anakula kwa uma na kama mke wake anakaa mezani au jikoni). Nikaandika kwamba tuko watatu: mimi, mke wangu, na mama mkwe aliyetoka Pweto kumngojea mjukuu. Ningeishia hapo ningekuwa mtu salama. Lakini kalamu ilikuwa imenikolea, nikaongeza kwamba sisi sote, bila kufungwa na mila, hula pamoja katika meza moja.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kumwona mama mkwe uso. Kwao, mkwe wa kiume hamtazami mama wa mke wake, hali naye, hakai naye chini ya dari moja, mpaka siku ile mama apike vyungu vya chakula na kumwingiza rasmi. Vero alikuwa ameniomba mara nyingi, "Tata, mama anataka akuingize, muache apike," nami nikawa najibu, "Baada ya shule." Kwa hiyo yule mama alilala katika chumba cha jikoni, nje nyuma ya nyumba, na tuliishi kwa kukohoa: mimi nikitaka kupita uani nakohoa, anajifungia, yeye akitaka kwenda bombani anakohoa, ninageukia ukutani. Tulikuwa tumezoeana vizuri sana kwa kutoonana.

Basi ikaja habari kwamba wakubwa wawili wangenitembelea Jumapili, saa ya kula. Nikamwambia Vero ampeleke mama kwa binamu yake, kule Kasungami. Akasema sawa. Asichoniambia ni kwamba miguu yake ilikuwa imevimba asiweze kusimama motoni, na mama amekataa kumwacha mwanawe apikie wageni katika hali ile. Mimi nilikuwa nang'arisha viatu. Harufu ya kuku ikanifikia, nikajisifu moyoni kwamba mke wangu ni hodari.

Wakaja. Mmoja alikuwa Monsieur Inspecteur wa shule ile, mtu mnene, mpole. Mwingine Madame mmoja aliyefundisha wanawake wa mitaa yetu kushona na kupika. Walipoingia, majirani wote wakajaa dirishani, maana gari la mzungu mbele ya mlango wa karani halikuwa jambo la kila Jumapili, na jirani yangu Kalenga, kinyozi mwenye mdomo mrefu kuliko wembe wake, alikuwa mstari wa mbele. Nikaona vizuri, watazame.

Madame akahesabu sahani. "Ziko nne," akasema. "Sisi wawili, ninyi wawili. Na mama?"

"Mama ametoka, Madame," nikajibu kwa Kifaransa safi kabisa.

"Basi nani amepika, ikiwa mke wako yuko hapa?"

Vero hajui kusema uongo (hajui hata leo, na imenigharimu mengi). Akainamisha kichwa. "Mama," akasema. "Yuko jikoni."

Madame akafurahi, akainuka, na kabla sijapata la kusema alikuwa ameshafika uani. Nikasikia mama akikohoa, akakohoa tena, masikini, akinionya nijifiche. Lakini nijifiche wapi, na wageni wako mezani kwangu? Mlangoni alikuwa Madame, dirishani alikuwa Kalenga. Niliona ncha ya kitenge ikivuka kizingiti, nikajikuta niko chini ya meza.

"Monsieur amepoteza kitu?" Inspecteur akauliza huko juu.

"Uma umeanguka, Monsieur."

"Basi tusipoteze wakati. Niambie ukiendelea kutafuta: kwa nini unataka kusoma biashara?"

Jibu nilikuwa nimelikariri juma zima. "Kwa sababu, Monsieur," nikasema nikiwa nimepiga magoti, "biashara inahitaji mtu jasiri, asiyeogopa kutazamana na mtu yeyote."

Dirishani Kalenga akawaambia wenzake kwa sauti ya kutosha soko zima: "Sikilizeni candidat yetu! Iko chini ya meza, anasomea huko!"

"Anatafuta nini?" mwanamke mmoja akauliza.

"Anatafuta diplôme!"

Wakati huohuo Madame alikuwa amemkalisha mama kwenye kiti. Mama alikubali kwa sababu alipotupa jicho hakuniona, akadhani nimetoroka kwa heshima, kama mkwe mwema anavyopaswa. Miguu yake ikaja karibu na bega langu. Nikasogea. Inspecteur akaniuliza bei ya samaki ikipanda mtu afanye nini, nami, kwa kiburi changu, sikuweza kuacha swali bila jibu, nikajibu. Mama akaisikia sauti yangu ikitoka kwenye magoti yake.

Akapiga yowe. Kisha akafanya ambalo mwanamke wa kwao hufanya akikutana na mkwe ghafla: akajitupa sakafuni, akiutafuta upande wa kitenge ajifunike. Alijitupa kulekule nilikokuwa. Tukatazamana uso kwa uso, karibu kugusana pua, mimi na mama wa mke wangu.

Sikumbuki nilivyosimama. Najua meza ilisimama pamoja nami, na mchuzi wote ukaenda kwenye mapaja ya Inspecteur. Nikatoka mbio, leso ya kulia ikining'inia shingoni, nikawapita majirani, na Kalenga akiimba nyuma yangu, "Kimbia, Monsieur, kimbia! Bukwe, mama ya bibi yako, iko na kufuata!"

Nilirudi gari lilipokuwa linawashwa. Nilijaribu kueleza mila. Inspecteur alikuwa akijifuta, hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Hatukuja kutafuta anayekula na mama mkwe wake," akasema. "Wangu mimi simtaki mezani. Lakini mfanyabiashara akiandika magunia mia, nikifungua ghala nataka niyakute mia."

Jioni nilimsikia mama, ng'ambo ya ukuta, akisema na Vero. "Ambia bwana yako miye sina na hasira. Bamenikamata mukono, bamenikalisha. Lakini hapa siwezi kubakia. Haya imenijaa."

"Na mutoto, mama?"

"Utazala na bamama ba hapa. Mungu iko."

Akaondoka na lori la samaki, na Vero akajifungua bila mama yake. Shule ilikataa. Nafasi zikachukuliwa na vijana wawili, mmoja wao nilikuwa nikimsahihishia hesabu, na kila asubuhi alipita dukani kwa baiskeli, vitabu nyuma, akinisalimia kwa adabu iliyoniuma kuliko matusi.

Mengine mnayajua: masomo kwa posta, miaka mingi ya kungoja, kisha Ulaya, kisha diploma hii. Niliporudi nilituma ujumbe Pweto kwamba sasa niko tayari kuingizwa. Jibu likaja kwamba mama amezeeka, hawezi tena kuinua vyungu. Mwaka uliofuata akafa. Mazishini wakanisimamisha nje ya ua, kwa kuwa mkwe ambaye hajaingizwa haangalii maiti, kwa hiyo katika maisha yangu yote uso wake niliuona mara ile moja tu, sakafuni, na ulikuwa unaniogopa.

Sasa wazazi wananiletea maombi ya watoto wao wanaotaka shule za biashara, na ninawasaidia, tena hakuna katika mji huu anayejua kuyatayarisha kama mimi. Nasahihisha insha, napanga vyeti. Lakini tukifika pale wanapouliza habari za nyumbani, naweka kalamu chini, naenda kukaa barazani mpaka wamalize wenyewe.