Nguo Ishirini na Moja za Stoo

Kwanza lisahihishwe hili ambalo mtaa umeligeuza wimbo. Stoo hakufukuzwa kazi. Hakuiba shuka, hakuiba foronya, hakuiba hata kipande cha bandeji. Wala hakufukuzwa nyumbani kwa marehemu kaka yake. Vitu vyake alivitoa mwenyewe, mchana kweupe, na mlango wa chumba aliufunga kwa mkono wake. Anayesimulia kwamba alionekana akilia getini aulizwe yeye alikuwa amesimama wapi, maana siku ile getini walikuwa watu wawili tu, na hakuna aliyelia.

Jina la Stoo alipewa kazini, likamfuata mpaka nyumbani. Kwa miaka kumi na minne ametunza stoo ya nguo hospitalini: mashuka, foronya, mablanketi, mapazia, magauni ya wagonjwa. Kazi hiyo watu huidharau kwa sababu hawaijui. Yeye alikuwa akipapasa shuka kwa vidole viwili tu anakwambia limebakiza miezi mingapi kabla halijawa tambara la kupigia deki. Wodi ikiomba mashuka mia, anauliza mliyopewa mwaka jana yamelala vitanda vingapi, na mara nyingi wodi huondoka na sitini bila kinyongo.

Alikuwa akiishi chumba cha uani. Kaka yake alipofariki, alibaki pale na wifi yake, mjane, mwalimu mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu hata waliosoma shule nyingine. Wanawake wawili, jiko moja, kila mmoja na ufunguo wake. Funguo za akiba alizitunza Mwalimu ndani ya kopo la vifungo, kwa ajili ya ajali ya moto, Mungu apishe mbali.

Stoo alikuwa na ugonjwa mmoja, nao haukuwa siri: nguo. Siku ya mshahara haikupita bila mfuko. Blauzi hii ilikuwa bei ya kutupa, gauni lile lilikuwa la mwisho, viatu vile vingembana kidogo tu lakini vingelegea. Kabati lake lilishindwa kufunga, akalifunga kwa mkanda kama sanduku la msafiri. Na ikifika tarehe ishirini ya mwezi, anaonekana jikoni na kikombe. “Wifi, nikopeshe sukari kidogo.” Mwalimu alikuwa anampa, na maneno mawili matatu juu yake.

Kisha mambo yakabadilika, na Mwalimu akaona.

Kwanza mifuko ya mwisho wa mwezi ilikoma. Mtu mwingine angefurahi. Lakini Mwalimu alikuwa amesimamia mitihani kwa miaka thelathini na tatu, na alijua kwamba mwanafunzi mtundu akitulia ghafla, usimsifu, mtazame mikononi. Kikombe cha sukari nacho hakikuja tena. Tarehe ishirini ikafika, ishirini na tano ikafika, Stoo anakunywa chai yake tamu, haombi mtu.

Halafu ikaja sketi. Sketi ya bluu nzito, yenye bitana, zipu imefichwa pembeni, imemkaa kama alizaliwa nayo. Mwalimu aliiona ikipita uani asubuhi akaacha kufagia.

“Sketi nzuri hiyo, wifi. Umeinunua wapi?”

“Nimeshonesha.”

“Naona mambo yamekunyookea.”

“Mambo ni yale yale, wifi. Wacha niwahi, leo nagawa mashuka.”

Nagawa mashuka. Mwalimu alibaki na ufagio na neno hilo. Ukiona vyaelea, vimeundwa; na mshahara wa mtunza stoo aliujua, kwa kuwa alikuwa ameukopesha sukari miaka sita.

Kilichomkosesha raha zaidi ni mizigo ya Jumamosi. Kila Jumamosi, saa nne asubuhi, Stoo alitoka na furushi kubwa kichwani, limefungwa ndani ya shuka jeupe. Jeupe pe, la pamba. Akarudi saa sita bila mzigo, na uso wa mtu aliyelipwa. Siku moja Mwalimu alimsindikiza kwa macho mpaka kona, akajiambia kwamba anatazama tu kama mvua inakuja. Mbingu ilikuwa safi kama sahani.

Siku nyingine mlango wa chumba ulikuwa wazi, Mwalimu akapita na ndoo. Akaona nguo zimetundikwa, na kwenye kila hanga kamba ya uzi mwekundu, ina vifundo. Nyingine vifundo vingi kama shanga, nyingine vitatu, nyingine uzi mtupu. Alirudi na ndoo ileile akapita tena. Hakuelewa, na asichokielewa Mwalimu hakimpi usingizi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na hapakuwa na methali iliyowahi kumkaa vizuri kuliko hiyo.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake la kwanza. Alichukua pazia lisilo na kasoro yoyote akalipeleka kwa fundi cherehani wa kona, yule anayeitwa Redio, na kila mtu anajua sababu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nikunjie upindo wa hili. Na ile sketi ya wifi yangu, uliishona wewe?”

“Ya bluu? Mimi. Siku mbili nzima! Kitambaa kile si cha mchezo, Mwalimu. Na alilipa yote mkononi, hata punguzo hakuomba.”

“Yote?”

“Yote. Nikamwambia, dada, umeokota wapi?”

“Akasemaje?”

“Akacheka.”

“Alicheka vipi?”

“He! Mwalimu, kicheko nacho kina namna?”

“Kina namna. Mimi ninachojiuliza ni zinatoka wapi.”

Alisema hivyo mara moja tu, na kwa sauti ya chini. Lakini kunong'ona dukani kwa Redio ni sawa na kupanda jukwaani. Wanawake wawili walikuwa benchini wakisubiri sare za watoto. Wiki haikuisha, swali lile likafika hospitalini, na likafika wakati mbaya: stoo ilikuwa na upungufu wa mashuka arobaini.

Mashuka arobaini si mchezo. Kama yangeonekana kwa Stoo, au hata kama yasingeonekana popote, kazi ingekwenda, na kiinua mgongo cha miaka kumi na minne kingekwenda pamoja nayo, na polisi wangekuja na gari lao kusimama mbele ya nyumba.

Waliofika ni wawili, siku ya kazi, saa tano: Matroni, mama mnene mwenye sauti ya upole, na Mkaguzi, kijana mrefu mwenye faili kwapani. Stoo alikuwa kazini.

“Hatujaja kupekua, Mwalimu,” alisema Matroni. “Tumekuja kuuliza tu.”

“Ila kama kuna namna ya kutazama kidogo,” Mkaguzi akaongeza, “ingemsaidia yeye mwenyewe.”

Mwalimu aliwaza kwa haraka. Mume wake alikufa bila deni na bila kesi. Kesho hawa wangeweza kurudi na polisi, majirani wakatoka na watoto mgongoni kuangalia. Afadhali leo, kimya kimya. Kama Stoo ni mwizi, basi ijulikane kwamba nyumba yenyewe ndiyo iliyofungua mlango. Na kama si mwizi, amesafishwa. Kwa hesabu zake, jina la nyumba lilikuwa linapona pande zote mbili. Katika hesabu hiyo hakumweka Stoo.

“Nyumba hii haina cha kuficha,” alisema, akaenda kwenye kopo la vifungo.

Walitegemea marundo. Waliingia wakakuta kitanda kimetandikwa, jozi nne za viatu chini ya dirisha, na kabati linalofunga. Mkaguzi alilifungua, akahesabu. Akahesabu tena.

“Ishirini na moja. Pamoja na koti.” Alimgeukia Mwalimu. “Mtaani wanasema hapa kuna duka. Nyingine ziko wapi?”

“Lilikuwa halifungi,” alisema Mwalimu. “Lilifungwa kwa mkanda.”

“Kwa hiyo zimehamishwa.”

Shuka jeupe lilikuwa limekunjwa juu ya kabati. Mkaguzi alilifunua, akatafuta muhuri wa hospitali pembe zote nne. Hapakuwa na muhuri. Palikuwa na ua dogo lililotariziwa kwa mkono, kazi ya mama mzazi wa Stoo. Mwalimu alilitambua. Lake la namna ileile lilikuwa kwenye sanduku lake mwenyewe, alipewa siku ya harusi. Alitaka kusema, lakini Mkaguzi alikuwa ameshapata kitu kikubwa zaidi: karatasi iliyobandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati.

“Sikiliza, Matroni. ‘Sketi nyeusi, mara mia na arobaini. Gauni la zambarau, mara moja, limetoka. Gauni la kijani, mara sifuri, limetoka.’ Limetoka! Hiyo ni lugha ya stoo. Vitu vinatoka.”

“Hospitalini hatuna gauni la zambarau,” alisema Matroni.

“Labda ni fumbo.”

“Fumbo la nini? Foronya?”

Stoo alikuwa amesimama mlangoni. Mfagizi wa wodi ndiye aliyemwambia gari la Matroni limeelekea kwao. Hakumtazama Matroni, hakumtazama Mkaguzi na karatasi yake. Alitazama ufunguo mkononi mwa Mwalimu. Kisha akaweka mkoba wake juu ya kitanda.

“Ulizeni,” alisema.

“Vifundo hivi ni vya nini?” akauliza Mkaguzi.

“Kila nikivaa nguo, nafunga fundo moja. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Nilikuwa na nguo mia moja na nne, bwana Mkaguzi. Magauni ya sherehe kumi na matatu, na mwaka ule nilialikwa mara tatu. Sketi za kazi mbili, na kazini nilikwenda siku mia mbili na themanini. Nilikuwa namnunulia nguo mwanamke mwingine, wa kwenda kwenye hafla. Mimi mwenyewe natembea na sketi imetoboka.”

“Na hizo zilizotoka?”

“Nimeziuza. Zote zisizo na vifundo, na zenye kimoja tu. Kila Jumamosi furushi moja, kwa mama wa mitumba, kibanda cha tatu kutoka sokoni. Kamuulize, ana mdomo mzuri.”

Mkaguzi aliandika. “Na pesa ya kushonesha?”

“Zamani nguo zilikula mishahara yangu mitatu kwa mwaka. Nilipiga hesabu, nikakaa chini. Kwanza niliapa sinunui kitu tena. Wiki ya saba nikarudi na blauzi tatu kwa siku moja. Nikajua kiapo si bajeti. Nikajaribu nusu mshahara kwa mwaka. Viatu peke yake viliumaliza. Sasa ni mshahara mmoja kwa mwaka mzima, nautenga kidogo kidogo kila mwezi. Nusu yake ni nguo za kazi, kwa sababu ndimo ninamoishi. Halafu viatu, nguo za ndani, fundi wa kurekebisha, na kitu kimoja kizuri cha kutokea. Na kidogo cha upuuzi.”

“Cha nini?” akauliza Matroni.

“Upuuzi, Matroni. Blauzi moja isiyo na sababu. Najijua. Nisipoiwekea nafasi, itavunja mlango.”

Matroni alicheka mpaka akakaa kitandani. Akauliza uzi unaotumika ni wa urefu gani. Mkaguzi hakucheka, alikwenda kwa mama wa mitumba, naye alimpa maelezo ya kila furushi na kumuuzia kijana huyo gauni la kijani kwa ajili ya mchumba wake. Siku kumi baadaye mashuka arobaini yalipatikana kwenye kabati la wodi ya wazazi. Yalihamishiwa huko wakati stoo inapakwa rangi, na aliyeyahamisha hakuandika. Stoo alipewa barua ya kuombwa radhi, ina saini mbili.

Mwalimu aliisoma barua ile kwa furaha ya kweli. “Umesafishwa, wifi! Wote wameona.”

Stoo alikuwa anakunja nguo na kuzipanga sandukuni. Ishirini na moja hazichukui muda.

“Wifi, ungeniuliza ningekujibu.”

“Si nilikuuliza? Nilikuuliza umeinunua wapi.”

“Uliniuliza umeinunua wapi. Zinatoka wapi ulimuuliza fundi.”

“Nilikuwa nalinda jina la nyumba.”

“Mimi ndiye niliyekuwa naamka kila siku kwenda kulifanyia kazi hilo jina, wifi. Ulipofungua mlango ulimlinda nani?”

Mwalimu alimsaidia kushika upande wa pili wa sanduku mpaka getini, kwa sababu lilikuwa la watu wawili. Hawakukumbatiana. Stoo alisema, “Usisahau, mtungi wa gesi unakaribia kuisha,” akapanda gari la mizigo.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alikwenda kwa Redio. Benchi lilikuwa limejaa. Hakukaa.

“Siku ile niliuliza hapa nguo za wifi yangu zinatoka wapi. Zinatoka kwenye mshahara wake. Hakuiba. Aliyewafungulia chumba ni mimi, na nilikosea. Nimesema palepale nilipouliza.”

Redio alitoa pini mdomoni.

“Pole, Mwalimu. Sasa amehamia wapi? Na mnasalimiana?”

“Pazia langu liko tayari?”

“Liko tayari tangu wiki ile. Lakini, Mwalimu, watu watauliza, mimi niwaambie—”

“Waambie nilichosema.”

“Na kingine?”

“Kingine sisemi,” alisema Mwalimu. Akalipa, akachukua pazia lake, akaondoka.